Tumbo Ndogo ya Kaswera

4 Septemba, siku ya kwanza ya juma

Binti yangu Kaswera amerudi Mubi kutoka Kampala na tumbo ingine. Ile tumbo nilimuzaa nayo, dokta alikata kipande kikubwa akatupa. Walitupa wapi? Niliuliza. Akasema, "Mama, hayo si maswali." Kama si mimi nitauliza, nani atauliza? Mimi njo nilitengeneza ile tumbo.

Naandika hapa kwa sababu watu wa nyumba wamenikatalia kusema mezani. Masomo sikukanyaga hata siku moja. Herufi zangu ni za kanisani, tulijifunza wamama wote pamoja ili tusome zaburi. Kama moja imepinda, na ipinde.

Chakula yake ya leo: maji ya samaki, bila samaki. Alikunywa na kijiko ya chai, polepole, kama muntu anaogopa kuamusha mutoto. Mimi niliketi mbele yake na bugali yangu, nikakosa hamu, na kukosa hamu si tabia yangu.

7 Septemba, siku ya ine

Mu telefoni ya Kaswera kunaishi muke mumoja. Ni infirmiere, muuguzi wa kule Kampala, kazi yake ni kufundisha watu wenye walikatwa tumbo namna ya kula. Kila asubui anatuma sauti. "Dada Kaswera, tafuna mpaka chakula iwe uji. Usikunywe maji pamoja na chakula, ngoja kwanza. Anza na samaki, mayai ao maharagi, ndipo mboga. Sukari apana, sukre ya chupa apana. Vitamini usisahau. Na tembea."

Nikainama pa telefoni nikamuuliza, "Na weye unakula nini, sauti yako imenona hivi?"

Kaswera alicheka mpaka akashika tumbo kwa sababu mishono ilimuvuta. Alisema, "Mama, hakusikie. Ni sauti tu, ilirekodiwa tayari." Basi muntu anatoa amri mu maneno yenye ilirekodiwa tayari, na siwezi kumujibu. Hii dunia.

10 Septemba, yenga

Baada ya misa, Dorothée alitungoja pa mulango ya kanisa. Ni dada mukubwa wa Jérôme, bwana ya Kaswera. Anauzishaka makayabu, samaki ya chumvi, ku soko, na sauti yake ni ya soko. "Muke wetu! Ndugu yangu anakunyima chakula? Sema hapa mbele ya watu, tumupige."

Watu wakacheka. Jérôme aliangalia viatu vyake. Yeye ni mufanya biashara, ana butike na kamyo ya kubeba mizigo, na hapa kwetu bibi ya mufanya biashara anapaswa kuwa munene ili watu wajue butike inatembea. Kama bibi anakonda, wateja wanasema bwana iko anaanguka. Tayari mumoja aliuliza Jérôme kama anataka kuuzisha kamyo.

16 Septemba, posho, kesho ni yenga

Mvua. Nilikula bugali peke yangu. Bugali ya muntu mumoja haina utamu.

24 Septemba, yenga

Emérita amefika kutoka Muheto, kwa miguu, akapitia Kalembe na mu pori. Ni mulimaji, zamani alikuwa anatuletea maharagi na fromage, ile jibini ya Masisi. Vita iliwafikia shambani, maharagi ikiwa bado majani. Watoto wake walienda na kaka yake upande wa Goma, yeye njia ilimukatikia, akakimbilia huku kwetu. Miguu yake imevimba kama ndizi ya kupikwa. Bwana yake alikufa zamani. Hana muntu hapa zaidi ya sisi.

Nilimupikia. Alikula, na namna alikuwa anakula ilinifanya niangalie pembeni. Halafu akainua macho, akaona Kaswera na ka sahani kake ka samaki ya kupondwa. Kaswera alikula vijiko vyake, akasukuma ile yenye ilibaki, akasema, "Nimeshiba."

Emérita aliangalia ile sahani. Mimi niliangalia Emérita. Nilitaka kuchukua sahani nipige nayo ukuta.

3 Oktoba, siku ya pili

Leo nimesema. Walinikatalia kusema mezani, basi nilimufuata Kaswera pa kamba ya nguo.

"Watu wanakimbia njaa na magoti inatoka damu, na weye ulipanda ndege kwenda kununua njaa Kampala. Sasa unaileta mu nyumba yangu."

"Ni nyumba ya Jérôme, Mama."

"Usinikate. Nilikunyonyesha mpaka ukatembea. Ulikuwa mutoto munene kuliko wote wa parokia, watu walikuwa wanakubeba kwa zamu. Niliona haya wapi? Nilikuwa nafurahi. Na sasa unaniambia ile yote ilikuwa ugonjwa."

Alianika shati ya Jérôme, akanyoosha mikono yake vizuri, kisha akaniambia jambo yenye hakunielezaka. Ile mwaka walikuwa bado na butike Kalembe na mimi nilikuwa Butembo, vita iliingia asubui. Watu wote walikimbia. Yeye alikimbia mpaka pale njia inapanda, pumzi ikaisha, magoti ikakataa. Akaambia wavulana wake wawili waende. Faustin, ule mukubwa, akasema, "Kama Mama anabaki, tunabaki." Wakaketi chini mu matope, mumoja kuume, mumoja kushoto, kama wako pa misa. Watu walikuwa wanapita wanawaruka. Aliwapiga makofi ili waende. Walikataa. Kamyo ya mwisho njo iliwaokota, na ile kamyo haikukuwa imepangwa na muntu.

"Mama," akaniambia, "mimi kuwa munene haikuniuma. Sukari ya damu, sawa, dawa iko. Lakini watoto wangu waliketi kwa sababu yangu. Vita ikirudi, sitaki muntu aketi."

Nikachukua mufuko ya vibanio nikamusaidia kuanika.

4 Oktoba

Nimeanza kutembea naye. Matope mpaka magoti.

11 Oktoba, siku ya tatu

Tunaenda kila asubui njia ya Njingala, mpaka pale daraja, na tunarudi. Kamyo zinatupakaa maji machafu. Wamotari wote wa pikipiki hapa Mubi wanatujua sasa. "Mama, panda! Kwa nini unateseka na pesa iko?"

Kaswera anajibu, "Natembea, kaka."

"Na ule mukoko muzee mwenye anakufuata nyuma, naye anatembea ao anakufukuza?"

Nilimujibu ule motari maneno yenye sitaandika, juu hii herufi nilijifunza kanisani.

Emérita njo anapika maharagi sasa. Anachemusha, anaondoa maganda kwa mukono, moja moja, anaponda na mboga ya lenga-lenga na ka samaki. Nilimuambia hiyo ni kazi ya kichaa. Akasema, "Tate," ni hivyo wanaitaka mama mwenye wajukuu hapa, "niketi bure nifanye nini? Nihesabu risasi?" Fromage haiji tena, njia ya Masisi imefungwa. Kaswera alikula maharagi yote ya sahani. Emérita alijifanya hakuona, lakini alikuwa anaimba.

19 Oktoba, siku ya ine

Rezo ya telefoni imeanguka. Wanasema waliharibu antene, kila muntu anajua muntu mwenye alifanya na kila muntu anataja mwingine. Ule muke wa Kampala amenyamaza. Nilifikiri nitafurahi.

Siku ya pili ya kimya, Kaswera alianza kula haraka, anaangalia mulango. Alikunywa maji na chakula mu kinywa. Nikasikia sauti yangu inasema, "Tafuna. Weka kijiko chini. Maji utakunywa kisha. Vitamini iko wapi?"

"Mama, sauti yako mbaya kuliko yake."

"Yake ilikufa. Tafuna."

27 Oktoba, siku ya tano

Nywele yake inaanguka. Leo chanuo ilitoka imejaa. Alikunja zile nywele mu karatasi akatupa mu moto, haraka, kama mwizi. Mimi niliona, na Emérita aliona. Emérita aliacha kuimba.

Baadaye akanivuta ku jikoni. "Tate, hii nimeshaiona. Bwana yangu Kanyamibwa ilianza hivi. Alikonda, nywele ikaanguka, akawa anatapika. Tulisema ni malaria, ni amibe. Ilikuwa karuho." Karuho ni ile sumu watu wanawekeaka muntu mu kinywaji, inamukula polepole kwa ndani. Huku kwetu, kabla muntu mukubwa hajakunywa, anatafuta kwanza nani alifungua chupa.

"Alikatwa tumbo, Emérita. Ni operasyo."

"Operasyo inaangusha nywele?"

Sikujua. Na rezo haikukuwa.

5 Novemba, yenga

Ubatizo wa mujukuu wa Dorothée. Walituketisha mbele. Dorothée mwenyewe alileta bugali, akakata, akaweka mu mukono ya Kaswera. "Muke wetu, leo utanikatalia na leo? Mutoto amebatizwa na jina la mama yangu."

Watu wote walikuwa wanaangalia ule mukono. Nikasema, "Anakulaka samaki kwanza." Dorothée akasema, "Tate, wewe kula yako."

Kaswera alimeza. Mara mbili, bila kutafuna, kwa haya. Halafu kinywa kikakauka, muntu mwingine akamupa sukre, akakunywa. Hata wimbo haukuisha. Alisimama, akashika ukuta, jasho inashuka kama mvua, akafika nyuma ya jikoni akatapika. Wamama wote walikuja kuangalia. Hakuna mwenye alileta maji. Na pale nikasikia neno inatembea kutoka kinywa mpaka kinywa: karuho, karuho.

Mimi najua ni nini: ni bugali, ni haraka, ni sukre, ni haya. Yule muke wa telefoni alisemaka yote. Lakini nani anasikia telefoni ya jana?

13 Novemba, siku ya kwanza

Jamaa imeketi mu salon. Dorothée, Jérôme, wazee wawili wa kwao. Wameamua: kesho anakuja Papa Straton, mwenye anatapishaka watu wa karuho. Anakunywesha dawa ya majani, muntu anatapika mpaka ile sumu inatoka mu beseni, watu wote wanaiona.

Nikawaambia dokta alikataza kutapika kwa nguvu, tumbo yenye ilishonwa inaweza kupasuka. Dorothée akasema, "Dokta wa Kampala anajua karuho ya Mubi?"

Jérôme alikuwa analia. Ni mwanaume muzuri, anapenda bibi yake, na muntu mwenye anapenda na kuogopa pamoja ni hatari kuliko mulevi. "Mama," akaniambia, "nikikataa na akakufa, watasema nilimuuza ili butike itembee."

Yenye ilinivunja moyo ni Kaswera. Alikuwa ameketi pembeni, kitambaa ku kichwa, na akasema polepole, "Na kama ni kweli, Mama? Kama kuko muntu alinipatia?"

"Ni weye ulienda kwa miguu yako! Ulilala pa meza ya dokta!"

"Najua. Lakini nimechoka kuwa muntu mumoja tu mwenye anajua."

Nikamutukana. Nikatukana wazee. Nikatoka inje, mvua ikanyesha juu yangu, nikatukana mvua.

14 Novemba, siku ya pili

Papa Straton alifika asubui na bido, dumu ya manjano, na beseni. Muntu mupole, shati safi. Hilo njo linanikasirisha kwa hawa watu, wanakuwaka na heshima. Majirani walijaa mu parsele ya nyumba, wengine walileta viti.

Emérita aliweka kitambaa chini ili Kaswera apige magoti. Emérita ni yeye alimupelekea Dorothée habari ya nywele, alinikubalia mwenyewe, bila kuficha. "Tate, mimi nilichelewa na bwana yangu. Huyu siwezi kumuchelewa." Namna gani utachukia muntu kama huyo? Nilijaribu.

Straton alimimina mu kikombe. Ilikuwa nyeusi, inanuka kama maji ya kuloweka ngozi. Kaswera alinyoosha mukono.

Nikasema, "Papa Straton, ngoja. Mimi ni muntu mujinga, unielezee. Hii dawa, kama muntu hana karuho, inamufanya nini?"

"Haimufanye kitu, Tate. Inapita kama maji."

"Kama maji."

"Kama maji kabisa. Inatafuta sumu tu."

"Mumesikia wote? Dorothée, umesikia?"

"Tumesikia, Tate. Acha kazi iendelee."

Nikachukua kikombe mu mukono ya mutoto wangu nikakunywa yote.

Walilia "Tate!" kama nimeanguka mu shimo. Nikapangusa kinywa, nikaketi pa kiti ya jirani, nikasema tungoje ipite kama maji. Dorothée alikuwa ananiita kichaa. Straton alitaka kumimina kikombe ingine, Jérôme akasema, "Tungoje kwanza," na ilikuwa mara ya kwanza tangu jana alisimama wima.

Haikukawia. Mungu wangu. Nimezaa watoto saba na sikuona kitu kama ile. Ilinikamata chini ya kitovu ikanikunja kama nguo inakamuliwa. Nilitapika mu beseni, kando ya beseni, ku viatu vya Straton. Emérita alinishika paji la uso. Kila mara nilifikiri imeisha, ilirudi na nguvu mpya, mbavu inalia, macho inataka kutoka. Tumbo yangu ni nzima, haikushonwa na muntu, na ilikuwa inapasuka.

Nikasikia Straton nyuma yangu, anainama ku beseni, anaita watu na sauti ya furaha: "Muangalie! Muangalie wenyewe! Hii nyeusi-nyeusi hapa. Na hii kama nywele. Nilijua! Huyu Tate walimulisha karuho tangu zamani."

Wote wakainamia beseni. Hata mimi niliacha kutapika kidogo.

"Nani alinilisha?" nikauliza.

"Muntu wa karibu sana, Tate. Ule mwenye anakupikia."

Emérita njo alianza. Alijaribu kufunga kinywa, akashindwa. "Lakini Tate hakubali muntu aguse sufuria yake! Miezi miwili niko hapa, anajipikia mwenyewe!"

"Basi minjo nilijiloga," nikasema. "Munifunge. Hiyo nyeusi ni sombe ya jana, majani ya muhogo. Jérôme, weye ulikula sombe ile ile, kuja hapa Papa Straton akuangalie."

Walicheka mpaka majirani wa inje wakauliza nini. Si wote. Wazee hawakucheka. Dorothée alisema karuho inajificha, akachukua mukoba yake akaenda bila kuaga. Straton alibeba beseni yake kwa heshima, hakubishana, na nadhani kesho anapeleka pengine.

Lakini Emérita aliacha kucheka kabla ya wengine. Aliendelea kushika kichwa yangu, aliona namna mwili wote ulikuwa unarushwa, na akageuka kuangalia Kaswera, pale pa kitambaa, mikono juu ya tumbo. Uso wake ulikauka. "Tungemupasua," akasema. "Mimi na mikono yangu. Tungemupasua."

Jérôme alichukua bido yenye ilibaki akaenda kuimwanga mu shimo ya choo. Kisha akarudi, akapiga magoti pale kitambaa ilikuwa, mbele ya bibi yake, mbele ya watu, na suruali yake ya butike. Yenye alimuambia sikusikia, nilikuwa na kazi yangu.

15 Novemba

Hata maji inanichukia.

26 Novemba, yenga

Rezo imerudi. Kaswera alimutumia muke wa Kampala maneno yote, na yule alijibu, safari hii kwa kupiga telefoni, sauti ya muntu wa kweli. Nywele inaangukaka miezi ya kwanza, itaota, aongeze maharagi, mayai, samaki, vitamini kila siku. Kwa ile dawa ya Straton aliuliza mara tatu kama ni kweli hakukunywa. Nikapokea telefoni nikamuambia minjo nilikunywa. Akasema, "Pole, Mama." Si muntu mubaya. Nilimuambia apunguze amri.

Dorothée alipita leo. Hakuingia. Aliacha mayai pa mulango, amefunika na jani ya ndizi, akaenda. Sijue ni kuomba radhi ao ni kuona kama muntu bado muzima. Mayai ni mazuri.

12 Desemba, siku ya pili

Tumerudi nyumbani. Naandika miguu iko mu maji ya chumvi.

Posho asubui risasi ilipigwa karibu na soko. Mpaka leo hakuna mwenye anajua nani alipiga na juu ya nini, wengine wanasema ni ulevi, wengine wanasema watu wa vita walikuwa wanakuja na wakarudi. Ile saa hakuna mwenye aliuliza. Mubi yote ilimwangika mu barabara upande wa Njingala. Kamyo ya Jérôme haikuwaka. Emérita alibeba sufuria, hata sijue kwa nini sufuria. Wamotari walikuwa wanapita wamejaa watu watatu, wane, na mara hii hakuna mwenye alituita tupande.

Mimi nilikuwa natafuta Kaswera nyuma. Nilizoea kumutafuta nyuma, tangu akiwa mutoto. Nilisimama pa kona, watu wananisukuma, naita jina yake, nageuka, nasema moyoni sasa ataketi, sasa magoti itakataa, na mimi nitaketi naye, juu siwezi kufanya kingine. Hii kitu ni ya jamaa, naona.

Halafu nikasikia kelele mbele, mbali, juu ya mulima pale njia inapanda ukivuka daraja. Alikuwa amesimama pale juu, Faustin na mudogo wake kando yake, na kifurushi changu ku kichwa, kitambaa imeanguka, vinywele vifupi vinaota kama majani ya kwanza ya maharagi. Pumzi alikuwa nayo, juu alipiga kelele mpaka watu wote wakageuka.

"Mama! Unaketi kwa nini? Tembea!"

Nilikuwa siketi. Nilikuwa napumzika. Nilimuambia hivyo wakati nilimufikia, na kwamba alitembea haraka bila heshima, na kwamba muntu haachi mama yake nyuma hivyo. Alinishika mukono akanivuta, na mpaka Njingala hakuniacha nipumzike hata mara moja.